Fyuzi ya Waya, Fyuzi ya Kidonge au Breka: Ipi Inaifaa Nyumba Yako ya Arusha au Moshi?

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, baridi ya Arusha huongeza mzigo kwenye nyaya za nyumba: shawa ya umeme huwashwa alfajiri kwa kila mwanafamilia, birika la umeme halipoi, pasi inafuata, na mwenye hita ya chumbani huiacha ikiwaka hadi usiku. Moshi iko chini zaidi na ina joto zaidi, lakini shawa na mabirika ni yale yale. Katika kipindi hicho fyuzi hukatika mara kwa mara, na watu hufanya uamuzi wa haraka ambao unaweza kuiunguza nyumba miaka kadhaa baadaye.

Makala haya yanalinganisha vifaa vitatu ambavyo mwenye nyumba anaweza kuvichagua, yaani fyuzi ya waya wa kufunga, fyuzi ya kidonge na sakiti breka ambayo mafundi huiita breka tu. Yanavipima pia dhidi ya njia za mkato tunazoziona mitaani, kwa sababu kwa kweli nyumba nyingi hazichagui kati ya fyuzi na breka. Zinachagua kati ya fyuzi ya kweli na msumari. Msimamo wangu ni kwamba nyumba yenye shawa ya umeme na soketi nyingi inahitaji breka pamoja na kikatio cha umeme unaovuja. Fyuzi ya waya inaweza kubaki mahali ambapo nyaya ni nzima na waya wa fyuzi ni ule unaostahili. Njia ya mkato haina mahali pa kukubalika hata kwa usiku mmoja.

Kinacholindwa ni waya wa ukutani

Wengi huamini kwamba fyuzi ya kwenye boksi imewekwa ili kulinda friji au televisheni. Kazi yake ya kwanza ni kuulinda waya uliofichwa ukutani na juu ya dari. Waya wa milimita za mraba 2.5, ambao ndio wa kawaida wa soketi, ukiwa ndani ya bomba ukutani hubeba takriban ampea 20 hadi 24 bila kuumia, na ganda lake la plastiki limetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70 kwa matumizi ya kudumu. Joto la waya haliongezeki sambamba na umeme unaopita, bali kwa kipeo cha pili: waya wa kubeba ampea 20 ukibebeshwa 40 hutoa joto mara nne. Ganda hulainika, hukauka, hupasuka, na siku moja waya wa moto (unaoleta umeme) hugusana na nyutro (unaourudisha) juu ya mbao za dari, mahali ambapo hakuna mtu wa kuona moshi wa kwanza.

Kwa hiyo, swali sahihi mbele ya boksi la umeme ni hili: waya huu unaweza kubeba ampea ngapi, na je, kifaa kinachoulinda kitakata kabla haujaumia? Kwa swali hilo vifaa vyetu vitatu hutofautiana sana.

Fyuzi ya waya wa kufunga

Hii ndiyo iliyo katika nyumba nyingi za zamani: kishikio cha kauri au plastiki ngumu, skrubu mbili, na kipande cha waya mwembamba kati yake. Vishikio vya mtindo wa Kiingereza vina alama za rangi: nyeupe ni ampea 5, buluu 15, njano 20, nyekundu 30. Waya wake ni wa shaba iliyopakwa bati na una unene maalumu, yaani milimita 0.20 kwa ampea 5, 0.50 kwa ampea 15, 0.60 kwa ampea 20 na 0.85 kwa ampea 30. Tofauti ya 0.50 na 0.85 ni vigumu kuitambua kwa macho tu, hasa gizani kwa mwanga wa simu, na hapo ndipo makosa mengi huanzia.

Faida zake ni za kweli. Ni rahisi, haina springi ya kuchoka wala sehemu ya kukwama, na waya wa kubadilishia ni wa bei ndogo. Mwenye nyumba aliye mbali na mjini anaweza kuirudisha mwenyewe, mradi azime swichi kuu kwanza, aondoe au azime kifaa kilichosababisha hitilafu, na afunge waya wa unene ule ule.

Udhaifu wake mkubwa ni ucheleweshaji. Waya wa fyuzi wenye kiwango cha ampea 20 hauyeyuki ampea 21 zinapopita. Huvumilia hadi karibu mara mbili ya kiwango chake. Breka ya ampea 20, kwa upande wake, hulazimika kukata ndani ya saa moja mzigo ukifika mara 1.45 ya kiwango, yaani ampea 29. Mzigo huo huo wa ampea 29 ukipita kwenye fyuzi ya waya unaweza kuendelea usiku kucha bila fyuzi kukatika. Ndiyo maana kanuni za wayaringi za Uingereza, tulikorithi mtindo wetu wa plagi na boksi, hudai kwamba anayetumia fyuzi ya aina hii atumie waya mnene zaidi ukutani: kiwango cha fyuzi kisizidi 0.725 ya uwezo wa waya. Kwa fyuzi ya ampea 20, waya unatakiwa kuweza kubeba karibu ampea 28, na 2.5 hautoshi. Katika nyumba iliyotandazwa 2.5 chini ya kishikio chekundu cha ampea 30, hata fyuzi iliyofungwa kwa usahihi haiulindi waya huo dhidi ya mzigo uliozidi.

Udhaifu wa pili huonekana wakati wa shoti kubwa. Waya unapoyeyuka hurusha cheche na matone ya shaba, na kishikio cha aina hii hakikujengwa kukatiza umeme wa maelfu mengi ya ampea. Mtu anayekirudisha kishikio mahali pake huku shoti bado ipo na swichi kuu imewashwa anaweza kuunguzwa mkono na uso.

Fyuzi ya kidonge

Hapa waya wa fyuzi umefungiwa ndani ya bomba dogo la kauri, mara nyingi likiwa limejazwa mchanga safi unaozima cheche. Kwa kukatiza shoti kubwa, fyuzi nzuri ya namna hii huishinda hata breka ya kawaida ya nyumbani, na ndiyo sababu hutumika kwenye viwanda na karibu na transfoma. Ikikatika hutupwa, na mpya ya ukubwa ule ule huwekwa. Hakuna nafasi ya kukosea unene wa waya, mradi duka liwe na saizi inayohitajika, na tatizo lake kubwa kwa nyumba zetu ni hilo: saizi isipopatikana, mtu hurudi kwenye msumari.

Kidonge tunachokutana nacho kila siku ni kile cha ndani ya plagi ya miguu mitatu ya mraba. Plagi hiyo iliwekewa kanuni Uingereza mwaka 1947, wakati soketi nyingi zilipoanza kuunganishwa kwenye mzunguko mmoja wenye fyuzi kubwa ya ampea 30. Fyuzi ya namna hiyo haiwezi kuulinda waya mwembamba wa taa ya mezani, kwa hiyo kila plagi ikapewa fyuzi yake. Kidonge cha ampea 3 kinatosha kifaa cha hadi wati 700 hivi, kama taa, redio na chaja. Cha ampea 13 ni cha pasi, birika na hita hadi wati 3,000. Plagi nyingi huuzwa zikiwa na 13 tayari, na watu huziacha hivyo hata kwa waya wa feni ambao ungeungua kabla ya fyuzi hiyo kushtuka. Kuibadilisha ni kazi ya bisibisi moja.

Breka

Breka ina walinzi wawili ndani ya ganda moja. Wa kwanza ni ukanda wa metali mbili unaopinda taratibu ukipata joto, ambao hushughulikia mzigo uliozidi. Wa pili ni koili ya sumaku inayovuta kifyatuo mara moja, ambayo hushughulikia shoti na hukata ndani ya takriban sehemu ya mia ya sekunde. Herufi iliyo mbele ya namba huonyesha sumaku inaamka lini: B huamka umeme ukifika kati ya mara 3 na 5 ya kiwango, C kati ya mara 5 na 10. Breka iliyoandikwa C20 ni ya ampea 20 na inavumilia mshtuko wa mota kuanza, kama ya pampu ya maji au friji. Kwa taa na soketi za kawaida B inatosha, ingawa madukani C huonekana zaidi.

Ubora wake wa kila siku ni kwamba ikishuka unaiona, unaipandisha, na huhitaji kugusa chochote chenye umeme. Hakuna waya wa kupima, hakuna kisingizio cha kutumia kipande kilichookotwa. Hilo pekee, kwa maoni yangu, linatosha kuipa ushindi nyumbani, kwa sababu ajali nyingi za fyuzi huanza pale mtu anapojaribu kuirudisha.

Ina udhaifu wake pia. Ni mashine, na mashine duni hukwama. Ganda linaweza kuwa la kuigiza, lenye namba nzuri nje na sumaku hafifu ndani. Kabla ya kununua, angalia kiwango cha IEC 60898, namba 6000 ndani ya kistatili, ambayo ni ampea inazoweza kukatiza bila kuharibika, pamoja na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Duka linaloshindwa kukupa risiti si mahali pa kununulia kifaa cha kulinda watoto wako. Tena, breka ikishuka mara mbili mfululizo baada ya kupandishwa, usiipandishe mara ya tatu. Chomoa vifaa vyote vya mzunguko huo, ijaribu mara moja, kisha rudisha kimoja kimoja. Ikishuka hata vyote vikiwa vimechomolewa, hitilafu iko ukutani na fundi anahitajika.

Lipo pia jambo ambalo fyuzi na breka zote haziligundui: skrubu iliyolegea. Umeme unaopita hapo ni wa kiwango cha kawaida, kwa hiyo hakuna kinachokata, lakini ncha ya waya hupata joto kali hadi plastiki inanuka na kuwa nyeusi. Harufu kama ya samaki aliyeoza au plastiki inayoungua karibu na boksi ni sababu ya kuzima swichi kuu papo hapo.

Njia za mkato, zikipimwa kwa kipimo kile kile

Kipande cha waya wa wayaringi wa 1.5, kilichochunwa na kufungwa kwenye kishikio, kina unene wa karibu milimita 1.4. Ili kukiyeyusha zinahitajika takriban ampea 130. Kipande cha 2.5 kinahitaji karibu 190. Maana yake ni kwamba waya wa ukutani utayeyuka sambamba na hiyo inayoitwa fyuzi, na nyumba ndiyo itakayokuwa fyuzi. Msumari na skrubu ni vibaya zaidi. Nimewasikia watu wazima wenye akili timamu wakisema kwamba wameuweka kwa muda tu hadi mwisho wa mwezi, ilhali shoti haisubiri mshahara.

Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, inayoviringishwa kwenye kidonge kilichokatika, ina hatari ya namna nyingine: hakuna anayejua itakatika kwenye ampea ngapi. Ikikunjwa mara moja inaweza kukatika mapema, ikikunjwa mara tatu haikatiki kabisa, na mguso wake hafifu huchoma plagi yenyewe.

Nyuzi za waya laini, ambazo mafundi wengine huzihesabu, moja kwa taa na tatu kwa soketi, huonekana kuwa na hesabu fulani. Waya laini wa 1.5 huwa na nyuzi 30 za milimita 0.25, na uzi mmoja huyeyuka kwenye ampea 10 hivi. Lakini waya laini wa 0.75 una nyuzi za 0.20, na nyuzi zinaposokotwa pamoja hesabu hubadilika. Aliyekufungia leo haandiki mahali popote alitumia nyuzi ngapi, na atakayekuja kesho ataongeza moja.

Kisha ipo njia ya mkato ya wenye breka, ambayo huheshimiwa kana kwamba ni ufundi: breka ya 20 inashuka kila asubuhi, basi inaondolewa na kuwekwa ya 32 au 40. Waya ukutani haujabadilika. Mtu huyu amefanya jambo lile lile la msumari, ila kwa kifaa kipya chenye risiti. Kuizuia breka isishuke kwa kuifunga mkono wake kwa gundi hakusaidii kitu kwa breka nzuri, kwa kuwa ndani hukata hata mkono ukiwa umeshikwa. Na kwa breka duni huongeza tu hatari.

Fyuzi ya TANESCO iliyo kwenye nguzo au kabla ya mita si yako kuigusa kwa namna yoyote. Upande huo hubaki na umeme hata ukizima swichi kuu.

Kile ambacho fyuzi na breka haziwezi

Fyuzi na breka hulinda nyaya, hazimlindi mtu. Umeme wa makumi machache ya milliampea (sehemu za elfu za ampea) ukipita kifuani unaweza kuua, na kiasi hicho ni kidogo mno kushtua fyuzi ya ampea 5. Kinachohitajika ni kile kikatio cha umeme unaovuja, yaani kifaa kinacholinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro, na kukata tofauti inapofika milliampea 30. Madukani kimeandikwa RCCB au RCD, na kina kitufe chenye herufi T cha kukijaribu, ambacho kinapaswa kubonyezwa kila baada ya miezi michache.

Kwetu hitaji hili lina uzito wa pekee. Nyumba nyingi hupokea nyaya mbili kutoka kwenye nguzo, na ethi, yaani njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini, hutokana na fimbo iliyopigwa ardhini uani. Tuseme ardhi inayoizunguka fimbo ina ukinzani wa omu 50. Waya wa moto ukigusa bati la friji, volti 230 zitasukuma ampea 4.6 tu kwenda ardhini. Fyuzi ya ampea 5 haitakatika, breka ya 20 haitajua kuna jambo, na friji itabaki na umeme hadi mtu aiguse akiwa peku kwenye sakafu ya saruji. Udongo unapokauka ukinzani huongezeka, jambo ambalo wakazi wa tambarare za kusini mwa Moshi wanapaswa kulizingatia zaidi kuliko wale wa mteremko wenye unyevu wa Kibosho au Machame.

RCCB haipimi mzigo uliozidi, kwa hiyo haichukui nafasi ya breka; na haimwokoi mtu aliyeshika waya wa moto na nyutro kwa pamoja. Fundi anayeiondoa kwa sababu inashuka mara kwa mara ameondoa shahidi badala ya kutafuta kosa. Umeme unavuja mahali fulani, mara nyingi kwenye shawa au birika lililochakaa.

Kwa nyumba yako

Mpangaji wa chumba Ngarenaro au Pasua, anayechangia mita moja ya LUKU na wenzake, hana mamlaka juu ya boksi. Anachoweza ni kutambua kwamba birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9 na hita ya wati 2,000 nyingine 9, kwa hiyo vyumba vitatu vikiwasha kwa pamoja kwenye waya mmoja wa 2.5 vimeshauzidi. Wapangaji wanaweza kukubaliana zamu, na waende pamoja kwa mwenye nyumba kudai kila chumba kiwe na waya na breka yake. Mwenye nyumba husikiliza zaidi anapoambiwa na wote.

Nyumba ya zamani yenye fyuzi za waya, taa chache na soketi mbili tatu, bila shawa ya umeme, inaweza kuendelea nazo kwa usalama wa kiasi, ikiwa vishikio vimekaguliwa, soketi zenye waya wa 2.5 zimewekewa fyuzi ya ampea 15, na kadi ya waya halisi wa fyuzi imetundikwa karibu na boksi. Ningeongeza RCCB mbele ya boksi hilo kabla ya kununua chochote kingine.

Shawa ya umeme hubadilisha jibu lote. Yenye wati 5,500 huvuta karibu ampea 24, na haitakiwi kuchangia waya na soketi. Inahitaji waya wake wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye boksi, breka ya ampea 32, ethi ya kweli, na RCCB. Asiyeweza kugharamia hayo yote achemshe maji jikoni hadi atakapoweza. Nalisema hili kwa sababu bafuni mtu huwa amelowa, peku na peke yake.

Wenye sola wakumbuke kwamba breka ya umeme wa gridi haifai upande wa betri. Umeme wa gridi hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde na hivyo cheche hupata nafasi ya kuzimika. Wa betri haupiti sifuri, na cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya breka. Tumia fyuzi ya umeme wa moja kwa moja, iliyo karibu kabisa na betri.

Fedha zikipatikana kwa awamu, ningezitumia hivi: leo hii kuondoa kila msumari, karatasi na waya mnene, kisha ethi na RCCB, kisha waya wa shawa, na mwisho boksi jipya la breka kwa nyumba nzima. Fundi awe na leseni ya ufungaji umeme inayotolewa na EWURA, na kabla hujamlipa, mwombe aandike ndani ya kifuniko cha boksi kila breka inalinda chumba kipi na waya wa ukubwa gani, ili atakayekuja baada yake asibadilishe 20 kuwa 32 kwa kubahatisha.